Siku Moja ya Kazi Nikiishi na Selimundu

Saa 11:30 alfajiri, kabla ya kutia chochote kinywani, ninakunywa maji ya uvuguvugu. Figo za mtu mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipa seli nyekundu za damu umbo la mundu, hushindwa kuhifadhi maji ipasavyo, kwa hiyo usiku kucha mkojo hutoka mwingi na mwepesi, nami huamka mwili umekauka hata kama sikutoka jasho. Na mwili ukikauka, seli nyekundu hujipinda kwa urahisi na kuziba mishipa midogo.

Saa 1 ninakula yai na tunda, kisha ninameza asidi ya foliki na haidroksiurea, dawa ya kupunguza kujipinda kwa seli, ambayo hunilazimu kupimwa damu mara kwa mara.

Saa 3 ninaanza kazi nikiwa nimevaa sweta, kwa kuwa baridi ya kiyoyozi huweza kuamsha maumivu ya mifupa. Chupa ya maji haibanduki mezani.

Chakula cha saa 7 mchana ni maharage na mboga za majani zisizochemshwa sana, maana moto mwingi huharibu foleti, vitamini ileile ninayoimeza asubuhi kama asidi ya foliki. Hapo ndipo wenzangu, kwa nia njema kabisa, hunishauri ninywe vidonge vya madini chuma ili niongeze damu. Huwaeleza kwamba upungufu wangu wa damu una chanzo kingine: seli zangu nyekundu huishi takriban siku 10 hadi 20 badala ya 120, na zinapovunjika, sehemu kubwa ya chuma chake hubaki mwilini na kutumika tena. Kwa aliyeongezewa damu mara nyingi, chuma hicho hulundikana kwenye ini na moyo, hivyo vidonge hivyo havifai kumezwa kabla vipimo havijaonyesha kwamba chuma kimepungua. Kinachohitajika zaidi ni foleti na protini za kujengea seli mpya, kazi ambayo uboho wangu, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, haupumziki kuifanya.

Saa 9 alasiri goti likianza kuuma, ninanyanyuka, ninanyoosha miguu, ninaongeza maji na kumeza parasetamoli. Ibuprofeni siigusi bila ruhusa ya daktari, kwa ajili ya figo zilezile.

Jioni ninatembea polepole hadi nyumbani, na pombe, ambayo hukausha mwili, nimeiacha kabisa. Saa 3 usiku, nikihisi mwili una joto, ninajipima: likifika nyuzi 38.5 ninakwenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu wengu (bandama) ulioharibika tangu utotoni hauwezi tena kuzuia bakteria wasisambae katika damu.