Vikombe vya bluu vya Misri ya kale

Jamani hivi vikombe vya faiyansi nimevipenda mno. Wengi wanadhani ni udongo wa mfinyanzi, kumbe ni mchanga wa kwatzi uliosagwa, ukatiwa chokaa kidogo, magadi na shaba, na kinapokauka ile chumvi inapanda juu inabaki kama unga mweupe, ukikitia kwenye tanuri ule unga unayeyuka unakuwa kioo cha bluu, yaani kikombe kinajipaka rangi chenyewe! Wenyewe waliita tjehenet, kitu king'aacho. Angalia umbo sasa, ua la yungiyungi, petali zimechongwa mpaka mdomoni. Vya mdomo mpana, mfano wa yungiyungi jeupe, ndo vya kunywea, vile vyembamba vya yungiyungi la bluu vilikuwa zaidi vya ibada.