Sare 29

Jumapili, usiku. Naandika haya kabla hayajapoa: kwa wiki nzima skripti yangu, programu fupi niliyojiandikia, ilinidanganya, nami nikaufurahia uongo wake.

Nacheza sataranji mtandaoni, michezo ya dakika kumi kumi. Nikipewa kete nyeusi na mpinzani akasukuma kitunda cha mfalme hatua mbili, huwa najibu kwa Caro-Kann. Ufunguzi huu nilikuwa na kinyongo nao. Nikishinda nausahau, nikipigwa naukumbuka hadi kitandani. Nilikwisha kuanza kuwaambia wenzangu kwamba umenichosha, nauacha. Lakini napenda kujiona mtu wa ushahidi, hivyo nikasema kabla sijautupa, acha nivute michezo yangu yote niihesabu.

Kuivuta si kazi kubwa. Chess.com na Lichess, tovuti ninazochezea, zote zina API ya wazi, yaani mlango ambao programu huombea data, na kusoma michezo ya mchezaji hakuhitaji hata nywila. Chess.com hukupa kwanza orodha ya miezi uliyocheza, kisha unaomba mwezi mmoja mmoja. Lichess humimina yote kwa mkupuo, na ukiiomba kwa JSON, muundo wa data ambao programu husoma kwa urahisi, kila mchezo unakaa kwenye mstari wake. Asiyejitambulisha hupewa michezo 20 kwa sekunde. Mwenye tokeni, yaani msimbo wa siri wa kujitambulisha, anayevuta michezo yake mwenyewe hufikishiwa 60. Mimi sikujitambulisha. Huko nilikuwa na michezo elfu mbili mia sita na ushei, ikaisha kushuka kwa dakika mbili na kidogo.

Yaani hizo dakika mbili ni za jaribio lililofaulu. Kabla yake nilitaka ujanja: nikaigawa kazi mara nne, maombi manne kwa pamoja, nikidhani nitawahi. Seva ikanirudishia 429, maana yake umezidisha. Maelekezo yao yako wazi kabisa, ombi moja kwa wakati, na ukiiona 429 nyamaza dakika nzima ndipo uombe tena. Nilikuwa sijayasoma. Skripti yangu haikujua kunyamaza, ikawa inabisha hodi kila sekunde kwenye mlango wa mtu aliyekwisha kusema ngoja. Nikaizima, nikaifundisha kusubiri. Nilipomaliza kuvuta nikagundua sikuomba jina la ufunguzi, kwa sababu haliji mpaka uliombe. Nikarudia tena.

Data nikaiweka kwenye SQLite, hifadhidata ndogo, faili moja tu, jedwali moja. Kitambulisho cha mchezo cha Lichess, zile herufi nane za kwenye anwani yake, nikakifanya ufunguo, ili hata nikiendesha skripti mara kumi mchezo usiingie mara mbili. Kwenye tarehe ndipo nilipocheka. Chess.com huandika muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970; Lichess huandika kwa milisekunde. Mimi nilianza na Chess.com, nikachukua mistari ileile kuitumia kwa Lichess, Python, lugha niliyoandikia skripti, ikagoma: eti mwaka wa 55 elfu na kitu haumo katika kalenda yake, inayoishia 9999. Hilo ndilo kosa ninalolipenda. Linapiga kelele, linasimamisha kila kitu, linakuonyesha na mstari wenyewe. Nikagawa kwa 1000, tukaendelea. (Nilipoteza pia jioni nzima nikitaka safu ya saa isomeke kwa Kiswahili, saa tano usiku badala ya 23. Ilifanya kazi. Haikunisaidia kitu.)

Kosa la pili halikupiga kelele.

Vitabu vya sataranji huzipa funguzi zote nambari, kuanzia A00 hadi E99, na Caro-Kann imekaa B10 mpaka B19. Kwa hiyo swali langu kwa jedwali lilikuwa fupi: nipe kila mchezo wa Lichess nilioshika nyeusi, nambari ikianza na B1. Likanijibu michezo 212. Ushindi 96, vipigo 116.

Nilipiga meza kwa kofi. Si nilisema! Usiku uleule nikamtumia rafiki yangu picha ya jedwali, akajibu kwa neno moja, "Pole." Kesho yake nikaanza kujifunza Ulinzi wa Kifaransa. Wiki nzima nikawa nasukuma kitunda e6 na kujisikia mtu mpya, mtu anayeongozwa na takwimu.

Kilichoniumbua ni kumbukumbu ndogo tu. Jumamosi nilitaka kuupitia mchezo mmoja wa miezi miwili iliyopita, mchezo mrefu tuliomaliza sare, tumebaki na wafalme na ngome moja moja. Niliukumbuka vizuri kwa sababu nilitoka jasho. Nikautafuta kwenye jedwali, nikaukuta, pembeni umeandikwa: kipigo. Nikajua nimechanganya na mchezo mwingine. Nikafungua mchezo wenyewe. Sare. Ndipo nikauliza swali ambalo ningeliuliza tangu siku ya kwanza: jumla nina sare ngapi Lichess? Jibu likaja: sifuri. Michezo elfu mbili na mia sita, hakuna sare hata moja!

Sababu yake ilikuwa mstari mmoja. Kwenye data ya Lichess mchezo wenye mshindi una sehemu ya "winner", nyeupe au nyeusi. Mchezo wa sare hauna sehemu hiyo kabisa. Si kwamba imeandikwa sare, haipo. Na mimi nilikuwa nimeandika hivi: kama mshindi ni mimi, weka ushindi, vinginevyo weka kipigo. Ile "vinginevyo" ikazoa kila kitu. Chess.com kila mchezaji ana neno lake la matokeo, kwa hiyo huko nilizichambua sare vizuri tu, na hilo likanipa imani ambayo sikustahili.

Hesabu sahihi: ushindi 96, sare 29, vipigo 87. Caro-Kann, ile niliyoitukana mbele za watu, inanilipa kuliko ninavyoilipa.

Kinachonisumbua ni ile wiki. Kama kosa lingekuwa limegeuza sare kuwa ushindi, ningelikamata kabla ya kulala. Ningeona 125 nikajiambia haiwezekani, mimi si mzuri hivyo, nikarudi kuikagua skripti. Lakini namba ilikuja ikiwa imevaa sura ya malalamiko yangu, nikaifungulia mlango bila kuuliza nani.

Basi leo mchana nikazifungua sare zote 29, moja baada ya nyingine, kwa mkono, kwa sababu jedwali halingeweza kunisaidia tena. Kukwama bila hatua halali Lichess hulitaja peke yake, lakini makubaliano, kurudia hali mara tatu, na kuishiwa kete za kumalizia, yote huwekwa chini ya neno moja. Kurudia: 17. Nikaipa Stockfish, programu ya kupima hali za sataranji, hizo 17 izipime. Katika 11 mimi ndiye niliyekuwa juu.

Mmoja nimeutazama mara tano. Nina kitunda cha ziada, mfalme wangu yuko salama, mpinzani hana shambulio lolote. Ngome yangu inatoka d8 inakwenda c8. Inarudi d8. Inakwenda c8. Yeye maskini hana la kufanya, naye anarudia tu. Nikisoma saa, nilikuwa na dakika nne zimebaki. Nakumbuka hata nilivyojisikia ulipoisha: nafuu.

Saa tatu usiku huu nimecheza tena, nyeusi, Caro-Kann. Kwenye hatua ya 31 hali ilikuwa inajirudia kwa mara ya pili na kidole kilikwisha kuishika ngome. Nikaiachia, nikasukuma kitunda cha b. Hatua ya 44 nimesalimu amri. Nikaiamuru skripti ivute kuanzia pale ilipoishia, ikaleta mstari mmoja: mchezo wa 213, kipigo cha 88.