Niliandika nimeporwa, afande akafuta

Juzi kati nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, foleni imekaza pale Mtongani, mi niko siti ya dirishani nachati zangu, mara mkono huo ukapita dirishani na simu imeenda. Jamaa hata mbio hakukimbia, alipenya katikati ya bajaji mbili akapotea. Konda akasema pole dada, kila siku tunawaambia fungeni vioo.

Nikaenda kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nikaandika nimeporwa. Afande akauliza alikupiga? Hapana. Alikutishia na kitu? Hapana, hata sura sijaiona. Akakata neno langu kwa kalamu akaandika WIZI. Niliumia kwa kweli, nikaona kama anaifanya shida yangu ndogo.

Jioni nikampigia binamu yangu wakili, akacheka kwanza, afu akanieleza. Kwenye Kanuni ya Adhabu, ile sheria ya makosa ya jinai, wizi wa kawaida mwisho wake miaka 7 jela. Unyang'anyi ni wizi huohuo ila umeongezwa nguvu au vitisho, na viwe vimetokea muda uleule wa kuiba, au punde kabla, au punde baada, na lengo liwe kuipata mali au kubaki nayo. Akiwa na silaha ndo inakuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hapo ni miaka 30 kwenda juu na dhamana hakuna. Yaani ningewahi kumshika yule kijana mkono, yeye akanichoma na bisibisi ili niachie, simu ileile ya laki mbili na nusu ingemtoa kwenye 7 ikampeleka 30! Na sio lazima hata anichome, akiinyanyua tu akasema achia nitakutoboa, tayari.

Hapo "punde baada" ndo pananitatiza mpaka leo. Nikamuuliza, je nikimkuta kesho yake sokoni nikamdai akanipiga ngumi? Akasema hiyo ni wizi na shambulio, makosa mawili tofauti, muda ushapita. Na je angeitupa simu chini afu akanisukuma ili akimbie tu? Hapo akakaa kimya kidogo, akasema hiyo angeipenda awe anamtetea yule kijana, maana nguvu ni ya kujiokoa, sio ya kubaki na simu.

Akaniongezea kitu kingine ambacho sikukitegemea, kwamba Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu waliofungwa miaka 30 kwa sababu hati ya mashtaka ilisema tu walitumia silaha, haikutaja ni nani hasa aliyetishiwa. Nikamkumbuka afande na yale maswali yake mawili, kumbe hakuwa ananidharau, mi nilikuwa sina jibu la kumpa.

Simu sijaipata. Natumia kiswaswadu cha mama, na dirishani sikai tena.