Maji ya Nairobi na Shamba la Mjomba

Katika mtaa ninaoishi hapa Nairobi, maji hutoka bombani siku mbili kwa juma. Siku nyingine tunanunua kwa wauzaji wanaosukuma mikokoteni iliyojaa mitungi ya lita 20. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka Bwawa la Ndakaini, linalojazwa na mito ya misitu ya Aberdare. Kila ninapopanga foleni hulikumbuka shamba la mjomba wangu, ambalo haliko Aberdare bali mashariki mwa Msitu wa Mau, kwa sababu huko ndiko nilikoona kwa macho yangu jinsi mto unavyokufa.

Mjomba alihamia huko baada ya takriban hekta 61,000 za msitu huo kumegwa mwaka 2001. Mierezi na mianzi ilikatwa, visiki vikachomwa, na mahindi ya msimu wa kwanza yakastawi bila hata konzi moja ya mbolea. Simlaumu, kwani alikuwa na watoto wa kulisha, na udongo ule mweusi ulimpa kila sababu ya kuamini kwamba neema itadumu. Kumbe alikuwa akivuna mboji iliyorundikwa na majani kwa miaka isiyohesabika, akiba ambayo mahindi hayairudishi. Baada ya misimu michache, hakupata kitu bila mbolea ya dukani.

Kilichonihuzunisha zaidi ni kijito. Chini ya miti, mvua hunywewa na majani yaliyooza na udongo uliotobolewa na mizizi, kisha hutoka polepole kwenye chemchemi hata wakati wa kiangazi. Mteremko ulipobaki mtupu, maji yaleyale yaliporomoka kwa saa chache, yakachimba makorongo na kuubeba udongo hadi Mto Njoro, unaoishia Ziwa Nakuru. Sasa kila Januari kijito ni mchanga mtupu, na binamu zangu huswaga punda kutafuta maji.

Waogiek, walioishi katika msitu huo wakifuga nyuki, walipoteza zaidi yetu sote. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao.

Aprili iliyopita mjomba aliniomba pesa za kununulia tangi la kukingia mvua. Nilimtumia zilizotosha tangi la lita 1,000, sawa na nililonalo hapa mjini.