Kwani damu nayo ina kalenda?

Wiki hii mtoto wa mjomba kaolewa, kazini maabara mashine mpya imewashwa na bosi kaaga, lakini kichwani kwangu imebaki sauti ya wifi tu.

"Wifi, kwani damu nayo ina kalenda?"

Aliuliza huku anacheka, ila kilikuwa kicheko chenye mwiba. Amehangaika na siku zake za hedhi tangu mwaka jana. Safari hii alichukua hela ya kijumbe akapima "homoni zote" kwa mpigo, kisha akaniletea karatasi nimsomee. Nikamuuliza, ulitolewa damu siku ya ngapi tangu uingie kwenye siku zako? Kimya. Unakunywa vidonge gani? "Vya nywele tu." Hapo akaona namzungusha. "Nyie wa maabara mna maneno. Sukari napima siku yoyote, malaria siku yoyote, hiki cha laki na ushee ndiyo kichague siku?"

Ndiyo wifi, kinachagua. Pale sebuleni kwa watu sikuweza kueleza yote, basi nayamalizia hapa.

Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka ya kuhitaji pedi, siyo matone ya kuchafua nguo tu. Hesabu inaanzia hapo. FSH na LH, homoni zinazoamsha ovari, pamoja na estradioli inayotoka kwenye ovari zenyewe, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5, ovari zikiwa bado zimetulia. Ukipima LH katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka, utaikuta imepanda mara kadhaa, na mwanamke mzima kabisa ataonekana ana tatizo.

Progesteroni ndiyo inayoliza wengi. Ovari huitoa kwa wingi baada ya yai kutoka. Kabla ya hapo iko chini kwa kila mwanamke, awe mzima au mgonjwa. Inapimwa siku 7 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Watu wamekariri "siku ya 21", na hiyo ni sahihi kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Wa wifi unagonga 38, kwa hiyo siku yake ni ya 31. Tulipekua simu yake tukaukuta ujumbe aliomwagiza binti wa kazi pedi, tukahesabu: alitolewa damu siku ya 21 ileile ya kukariri. Karatasi imeandika 0.6 ng/ml na mshale unaoelekea chini, na aliyempa majibu akamwambia mayai hayatoki. Huko ni kwenda soko la samaki la Feri jioni ukatangaza bahari haina samaki. Ikipimwa kwa siku yake ikazidi 3 ng/ml, yai limetoka. Asiye na mpangilio kabisa aanze siku ya 28, arudie kila wiki mpaka hedhi ije.

Halafu hivyo "vya nywele tu". Alipogeuza kopo tukasoma: biotini mikrogramu 10,000. Mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Sasa, mashine nyingi za homoni hutumia biotini hiyohiyo kushikanisha kipimo, na ikijaa kwenye damu inavuruga usomaji: TSH, homoni inayoiamsha tezi ya shingo, inatoka chini kuliko ilivyo, T4, homoni ya tezi yenyewe, inatoka juu, mtu anaambiwa tezi ya shingo inakimbia kumbe haina neno. Na wanaonaswa ndio haohao wenye sababu ya kupima. Nywele zinakatika, ananunua vidonge, hazikomi kukatika, anakwenda kupima tezi na vidonge vimo mwilini. Aviache siku 2 hadi 3 kabla ya kutoa damu, na amtajie anayemtoa.

Prolaktini, homoni ya maziwa, nayo hupanda kwa mambo madogo. Njoo asubuhi, saa kadhaa baada ya kuamka, keti utulie kabla ya sindano, na usiku wake matiti yasiguswe. Dawa za kuzuia kutapika, metoklopramidi na domperidoni, huipandisha, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili pia. Ikizidi kidogo, irudiwe kwanza kabla ya kumtia mtu hofu ya uvimbe kwenye ubongo. Ila maziwa yakitoka bila kunyonyesha, pamoja na kichwa kuuma na macho kupungua nuru, huyo asikae nyumbani.

Uzazi wa mpango nao usemwe bila aibu. Vidonge vya majira hushusha testosteroni na kunyamazisha FSH na LH, hivyo anayetaka kupima testosteroni aviache miezi 3, akitumia kondomu kwa muda huo. Sindano ya miezi mitatu huweza kukata hedhi kabisa, na hata ukiiacha, kushika mimba huchelewa, wastani kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, inaweza kuleta hedhi mapema au kuichelewesha kwa wiki nzima. Wanawake wangapi wameuziwa dawa ya "kubalansi homoni" kwa ajili ya sindano tu! Na aliyechelewa siku zake, kabla ya yote hayo, apime mimba.

"Kwa hiyo hela yangu imekwenda na maji?"

Hapa ndipo hasira yangu ilipohama. Chini kabisa ya karatasi, pasipo mshale wala maelezo, kulikuwa na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu: 5.9%. Kipimo hicho hakina habari na siku ya mzunguko wala biotini. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 ni njiani kuelekea kisukari. Wamemtisha kwa namba isiyo na maana na kuipita yenye maana.

Na sukari hiyo inaweza kuwa inaonyesha mzizi wenyewe wa hedhi yake kuyumba. Mwili usipoitikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari, kongosho huongeza insulini, na hiyo huzisukuma ovari kutoa homoni za kiume zaidi, huku ini likipunguza protini inayozifunga kwenye damu. Ndiyo ndevu za kidevuni, chunusi za taya, hedhi ya kusubiriwa. Hali hiyo huitwa PCOS, ila husemwa mtu anayo baada ya tezi na prolaktini kuondolewa lawama, na mtu mzima awe na mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasaundi. Ultrasaundi peke yake haitoshi. Vijifuko vile ni mayai yaliyokwama njiani, wala havihitaji kupasuliwa.

Wakati namweleza, binti yake akapita na trei ya vikombe. Ana miaka 15. Nyuma ya shingo ana weusi mnene kama mahameli, na pembeni ngozi imechubuka kwa kusuguliwa na dodoki na ndimu. "Huyu hataki kujisugua," wifi akasema, na mtoto akainamisha kichwa. Ule si uchafu. Mara nyingi ni ngozi inayoonyesha insulini iliyozidi, na ndimu inaunguza tu. Nilimwambia mama yake pale pale aache, ampeleke akapimwe sukari. Hedhi kuyumba si ajabu kwake: mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo unasamehewa, hadi mwaka wa 3 tunatazama inayopita siku 45, baada ya hapo ndipo 35 inakuwa mpaka. Ultrasaundi ya kutafuta PCOS haina kazi kwake kabla ya miaka 8 tangu hedhi ya kwanza.

Kwa wifi mwenyewe, kupungua kilo 4 kati ya 80 zake kunaweza kuamsha mayai. Maharage na mboga vijaze nusu kubwa ya sahani, ugali wa dona upungue, soda iondoke, kutembea dakika 30 siku nyingi za wiki. Daktari akimwandikia metformini, dawa ya sukari, ianze miligramu 500 pamoja na chakula, iongezwe 500 kila wiki moja au mbili hadi 1,500 au 2,000. Wanaoanza na dozi kubwa huharisha wakaitupa. Hedhi ikipita siku 90 bila kuja, asifurahie kupumzika. Ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa na miaka ikienda unaweza kuleta saratani. Kuna medroksiprogesteroni miligramu 10 kwa siku, siku 10, kwa cheti cha daktari, na damu hutoka ndani ya wiki moja hivi baada ya kumaliza.

Unga wa kusafisha kizazi aliouziwa sitauongelea. Hauna hata jina la kilichomo.