Fuvu la Kichwa na Picha za Ubongo za Fotoakustika

Nafundisha fizikia hapa Mbeya, na nikifika kwenye mada ya mawimbi hupenda kuwaeleza wanafunzi kuhusu upigaji picha wa fotoakustika. Mpigo wa leza unaodumu nanosekunde chache huingia mwilini, himoglobini, yaani kibeba oksijeni chekundu cha damu, huufyonza, damu hupata joto dogo mno na kutanuka ghafla, na mtanuko huo huzaa mawimbi ya ultrasaundi yanayopokewa na vihisio vilivyo nje. Kwa kuwa damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa nayo hufyonza rangi za mwanga kwa viwango tofauti, picha huonyesha mishipa pamoja na hali ya oksijeni ndani yake.

Fuvu ndilo linalovuruga mpango huu. Mwanga hutawanyika mfupani, hilo ni kweli, lakini kwangu mimi tatizo zito zaidi ni safari ya sauti kutoka nje. Ndani ya ubongo sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, ilhali katika tabaka gumu la mfupa hukaribia mita 3,000. Wimbi linapofika mpakani kwa mshazari hupinda, sehemu yake hurudi ndani, na nyingine hugeuka kuwa mtikisiko wa kukingama, yaani unaotikisa mfupa kwa upande badala ya mbele na nyuma, ambao tishu laini hushindwa kuusafirisha mbali. Tabaka la kati la fuvu, lenye matundu kama sifongo, hudhoofisha masafa ya juu, yaani mitikisiko mingi zaidi kwa sekunde, ambayo ndiyo hubeba habari za mishipa midogo. Hupita vizuri masafa ya chini ya megahezi 1 (mitikisiko milioni moja kwa sekunde), ambayo urefu wa wimbi lake katika ubongo huzidi milimita 1.5. Kompyuta inayounda picha kutokana na mawimbi hayo ikikokotoa kana kwamba kichwa kizima kina kasi moja ya sauti, mshipa huonekana mahali ambapo haupo.

Mwaka 2003 kundi la mtafiti Lihong Wang, nchini Marekani, lilipata picha za ubongo wa panya kupitia ngozi na fuvu visivyopasuliwa, ila fuvu la panya ni jembamba sana. Kwa mtu mzima, hutafutwa kwanza umbo la fuvu kwa kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, kisha hesabu hurekebishwa. Mimi sioni njia hiyo ikitufaa mapema katika nyanda hizi, kwa kuwa inadai mashine ya pili, tena yenye mionzi ambayo fotoakustika yenyewe haina.

Mtoto mchanga ni habari tofauti. Fuvu lake ni jembamba, na utosi wake haujafunga, ndiyo maana ultrasaundi ya kawaida hupitishwa hapo. Natamani watafiti waanze na utosi, kwa sababu mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa ndiye anayehitaji zaidi kipimo kinachoonyesha oksijeni ya ubongo pale pale kitandani.