Kanda ya 7: jibu lilikuwa kwenye diski isiyo na tatizo

Hatimaye! Saa saba usiku wa kuamkia leo sha256sum, programu inayosoma faili na kutoa alama yake ya kipekee, imenitolea mstari uleule niliounakili kwa kalamu wiki tatu zilizopita. Nimeulinganisha na karatasi mara nne, kidole kikifuata herufi moja moja. Kanda ya 7, mojawapo ya kanda zangu 23 za video ninazozihifadhi, iko salama kwenye DVD, na hapo diski moja nilikuwa nimeificha makusudi.

Mnaocheza na MiniDV, zile kanda ndogo za kamera za video, mnajua uzito wake: baiti 144,000 kwa kila picha, picha 25 kwa sekunde, kanda ya saa moja inakula karibu GB 13. Kuibana sitaki. Hii ni harusi ya dada yangu, Tanga, mwaka 2004, na marehemu bibi yumo akipiga vigelegele. Nakala moja iko kwenye diski kuu ya kompyuta (hard disk), lakini umeme wa huku ukirudi hurudi kwa kishindo, ndiyo maana nataka nyingine ambayo haina waya.

Mpango wa mwanzo ulikuwa kukata faili kwa amri ya split -b 4480M, vipande vitatu, DVD tatu. DVD+R inabeba baiti 4,700,372,992, kipande changu ni 4,697,620,480. Kinaingia, inabaki chembe. Nilijiona fundi kweli. Genisoimage, programu ya kuandaa diski, iligoma kwa kuwa kipande kinazidi GiB 4 (GB 4.3 hivi), xorriso, nyingine ya kazi hiyohiyo, ikakimeza bila neno, basi genisoimage nikaifuta siku hiyohiyo na sijaikumbuka.

Balaa likaanza kwenye kusoma. Diski ya 1 inakwenda vizuri mpaka inakaribia GB 4.5, halafu draivu inaanza kukoroma, inapunguza mwendo, inajaribu tena, mwisho cat, amri ya kusoma na kuunganisha vipande, inakata tamaa. Diski ya 2 hivyohivyo. Nikachoma upya. Nikashusha mwendo wa kuchoma kutoka 16x hadi 4x. Nikafuta lenzi. Nikanunua diski za aina nyingine kwa bei mara mbili. Nikaazima draivu ya nje kwa jirani. Sasa hivi diski kumi na moja zinaning'inia kwenye mchicha wa mama, zinafukuza ndege.

Ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, iliokoa karibu kila kitu isipokuwa KB 250 hivi. Nilipomweleza mke wangu kwamba hiyo haifiki hata picha mbili kamili, akanitazama: "Baba Zai, na hizo picha mbili nani ataziona?" Nikamwambia nitaziona mimi. Akaenda kulala.

Sasa kinachoniudhi ni hiki: siku zote hizo diski ya 3 haikuwahi kukosea, hata mara moja. Nilikuwa naiweka kando kwa sababu haina shida! Jumapili nikaitoa nje, nikaigeuza juani pamoja na ya 1. Sehemu iliyochomwa huwa na rangi nzito kidogo, mpaka wake unauona kama alama ya maji ndani ya mtungi. Kwenye ya 3 mpaka uliishia upana wa kidole kidogo kabla ya ukingo. Ya 1 ilikuwa imejaa mpaka mwisho kabisa.

DVD inachomwa kutoka ndani kwenda nje. Ukingoni ndiko rangi ya diski za bei chee huwa haikukaa sawa, ndiko diski iliyopinda kidogo huyumba zaidi, na ndiko vidole hushika. Draivu haikuwa na kosa. Ni uroho wangu wa kujaza.

Nikabadilisha: split -n 4, vipande vinne vinavyolingana, GB 3.24 kila kimoja, ukingo unabaki mtupu. Na kwa kuwa nilishakubali kuongeza diski, likaja wazo la diski ya tano: par2 -r30, programu inayotengeneza data ya akiba ya kurekebishia (hapa asilimia 30), juu ya vipande vyote vinne, karibu GB 3.9. Maana yake diski yoyote moja ikifa nzima, zilizobaki zinaifufua. Laptopu yangu ni kikongwe, betri ilishakufa, na umeme ukakatika par2 ikiwa asilimia 71. Par2 haiendelei pale ilipoishia. Nikaanza upya, nikanywa chai.

Jana nikaifungia diski ya 2 kabatini, nikanakili ya 1, 3, 4 na 5, nikaamuru par2 repair. Kipande kikarudi. Cat, sha256sum, na bibi akapiga vigelegele saa saba usiku mpaka nikakimbilia kupunguza sauti.

Wapenzi wa WinRAR, programu ya kubana na kukata mafaili, mnisamehe. Vipande vya split vinaunganishwa na cat, hata copy /b ya Windows inatosha, na par2 inahitajika kukiwa na msiba tu. Msimbo chanzo wake nao nimeuweka kwenye diski ya 5. Juu ya diski naandika kwa kalamu ya wino wa maji, stika sibandiki.

Wiki hii nilipanga kuandika skripti ya orodha ya kanda zote 23. Sijaandika hata mstari. Badala yake naulizia bei ya draivu ya Blu-ray, maana BD-R (diski tupu ya Blu-ray) ya GB 25 inameza kanda nzima bila kukata chochote, na par2 yake juu.

Kanda ya 8 iko kwenye kamera sasa hivi. Dakika ya 22 kuna mlio ambao siupendi.